Mwaka Achari ya Glenda Ilipokwisha

Katika Bonde la Harlow, kumsifu mtu mbele ya uso wake huhesabiwa kuwa ni kumtia aibu, na kumkosoa mbele ya uso wake ni kumtia aibu kubwa zaidi. Kwa hiyo watu wa huko huongea sana habari za hali ya hewa. Arlene Colby, aliyeishi bondeni humo miaka yake yote sitini na minane, alijua jinsi majirani walivyomheshimu kwa njia moja tu. Kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, alikuta kwenye kibaraza chake chupa ndogo ya shira, ile inayochemshwa kutokana na utomvu mtamu wa miti ya mepo, haina barua wala jina, imefungwa vizuri na kuwekwa mahali ambapo paka hangeweza kuiangusha. Aliifungua, akainusa, akaonja tone moja kwa ncha ya ulimi. Kisha, alipokutana na mwenyewe dukani au kanisani, alisema neno lake kwa upole. "Tangi lako lina pembe hujaisugua." Au, "Juzi ulikwenda kula cha mchana ukaliacha karai peke yake." Mwenye shira aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kusugua pembe ya tangi. Hakuna aliyejitaja, naye Arlene hakuuliza chupa ilikuwa ya nani. Alijua kwa harufu shira imetoka mlima wa nani.

Kipawa hicho kiligunduliwa na baba yake, Hollis Trask, tena hakukigundua kwa hiari. Arlene alikuwa na umri wa miaka tisa, amesimama mlangoni mwa banda la kuchemshia, na mvuke ulikuwa ukipanda mpaka darini na kutokea kwenye upenyo wa paa. Ilikuwa Aprili. Huko nje, utomvu wa miti ya mepo ulikuwa bado ukidondoka ndani ya ndoo kana kwamba hautakoma kamwe. Mtoto akasema, "Baba, leo mvuke unanukia kabichi." Hollis akacheka, akatia kuni nyingine motoni. Shira ya siku ile ilipopoa haikufaa hata kumpa nguruwe, kwa maana miti ilikuwa imeanza kuchipua, na machipukizi yanapofura, utomvu huharibika ndani kwa ndani ukiwa bado mwangavu kama maji ya kisima. Jicho halioni mabadiliko hayo. Kipimajoto hakiyapimi. Ni pua tu inayoyatambua, na pua za watu wengi huchelewa siku mbili. Tangu mwaka ule Hollis alizoea kumwuliza binti yake kila asubuhi ya Aprili, kwa sauti ya mtu anayesema na mtu mzima mwenzake, "Mvuke unasemaje?" Naye alipojibu kwamba umekwisha, Hollis alizima moto, hata kama tangi la utomvu lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

Baadaye aliolewa na Delmar Colby, dereva wa lori la kusukuma theluji barabarani, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeandikwa nyuma ya bahasha moja na nafasi ikabaki. Siku ya harusi, dada yake Delmar aitwaye Glenda alimkumbatia bibi arusi na kumnong'oneza, "Wifi, umeolewa na ukuta. Lakini ni ukuta mzuri, hauvuji." Kwa miaka arobaini na minne ukuta huo haukuvuja. Hollis alipofariki, banda likawa lao. Delmar alipasua kuni, akatunza moto na kubeba ndoo. Arlene alisimama mbele ya karai. Kama kuna mtu aliyemwuliza Delmar juu ya shira, jibu lake lilikuwa, "Vizuri." Chakula kilikuwa vizuri, hali ya hewa ilikuwa vizuri, na mazishi ya mama yake pia, alipoulizwa yalivyokwenda, yalikuwa vizuri.

Kwa Arlene, mwaka mzima ulielekea siku moja, nayo ilikuwa karamu ya theluji ya kanisa, Jumamosi ya pili ya Aprili. Wanaume huchota theluji ya mwisho upande wa kaskazini wa jengo, kule jua lisikofika, wakaishindilia kwenye masinia. Shira huchemshwa tena mpaka inakuwa nzito, kisha humiminwa juu ya theluji, ikaganda kama gundi ya dhahabu, na kila mtu huizungusha kwenye uma wake na kuitia kinywani. Utamu wake ni mwingi mno, na mtu akila mikunjo mitatu hawezi kuendelea. Hapo huuma kipande cha tango la achari, ule uchachu ukamsafisha kinywa, akamega na andazi, akaanza upya. Achari ilikuwa ya Glenda tangu zamani. Shira ilikuwa ya banda la Trask tangu zamani zaidi, nayo ilikuwa daima ile ya mchemsho wa mwisho, nyeusi na yenye nguvu, ambayo watu wa bonde huipenda kuliko ile nyepesi wanayowauzia wageni.

Ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya kanisa, karamu haikufanyika miaka miwili. Katika Januari ya mwaka wa tatu, ilipokwisha kutangazwa kwamba Aprili watu wangekutana tena, Arlene na Delmar wote wawili waliugua. Hawakuugua sana. Delmar alikohoa siku nne. Arlene alilala siku tatu na homa, akaamka ya nne akijisikia mzima, akawasha jiko na kupika kahawa.

Ile kahawa haikuwa na kitu. Alidhani kopo limekaa mno, akaimwaga kahawa yote pamoja na kopo, akafungua jingine. Nalo lilikuwa vilevile, akalimwaga pia. Ndipo akasimama katikati ya chumba, akachukua kitunguu, akakikata na kukiweka puani. Macho yalitoa machozi lakini pua haikusema neno. Akanusa sabuni, akanusa mafuta ya taa, akanusa koti la Delmar lililotundikwa nyuma ya mlango, koti ambalo lilikuwa na harufu ya kuni, dizeli na mbwa aliyekufa miaka sita iliyopita. Ilikuwa kama kunusa kioo cha dirisha.

Daktari wa kliniki ya mjini, mwanamke kijana mwenye subira, alimweleza kwamba virusi vile huvamia mahali pembamba ndani ya pua. Kwa watu wengine harufu hurudi baada ya wiki, kwa wengine baada ya miezi, na kwa wachache hairudi. Alimpa zoezi. Kila asubuhi na kila jioni avinuse vichupa vinne vya mafuta, cha waridi, cha limau, cha karafuu na cha mkalitusi, huku akikumbuka kwa bidii kila kimoja kilivyokuwa. Arlene alivificha vichupa hivyo ghalani, nyuma ya madebe ya misumari, na huko ndiko alikokwenda kukumbuka.

Hakumwambia mtu. Hakuona haya kwa kuugua, maana nusu ya bonde ilikuwa imeugua. Alichoogopa kilikuwa wema wa watu. Aliwajua: wangekuja na vyungu vya supu, wangemwambia apumzike mwaka huu, na mtu mmoja mwenye mabomba mapya na mitambo angejitolea kuichukua miti ya Trask ili kumsaidia. Mtu akikupumzisha mwaka mmoja katika umri huo, hakurudishii tena upawa. Basi alijiambia kwamba miaka hamsini na tisa mbele ya mvuke haiwezi kuwa imekaa puani peke yake.

Na kweli, Machi yote ilimtii. Alisikiliza mlio wa karai, jinsi mchemko unavyobadilika kutoka kelele ya mvua na kuwa kama minong'ono. Alitazama mapovu. Aliinua upawa akaangalia shira inavyoteremka, ikiacha kudondoka na kuanza kuning'inia kama ncha ya pazia. Alipoonja, ulimi ulimpa utamu mtupu, utamu usio na jina, sawa na maji ya sukari ya dukani. Lakini rangi ilikuwa nzuri na uzito ulikuwa sahihi, na chupa alizofunga wakati ule zilikuwa nzuri kama za mwaka wowote.

Aprili ilipoingia, joto likaja siku tatu mfululizo. Mchemsho wa mwisho, wa karamu, ulikuwa haujatimia. Utomvu uliendelea kudondoka, mwangavu, mwingi. Jumatano asubuhi, akiwa ameinama juu ya karai, kichwa kimezungukwa na mvuke usiomwambia kitu, Arlene alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika ndoa yake yote.

"Delmar," alisema bila kugeuka, kama anayezungumzia kitu kidogo. "Mvuke unasemaje?"

Delmar alikuwa ameshika gogo mbele ya mlango wa jiko. Alikaa nalo mikononi kwa muda uliozidi kidogo.

"Vizuri," akasema, akalitia gogo motoni.

Jumamosi ilikuwa ya jua na matope. Ukumbi wa kanisa ulijaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakipungiana mikono kutoka madirishani walikaa sasa bega kwa bega kwenye madawati marefu, wakiulizana habari za magoti na za wajukuu. Arlene alisimama mwisho wa meza na chungu chake, akimimina mistari ya shira juu ya masinia ya theluji. Alimwona Mzee Royce Beede, mwenye miaka tisini na mmoja, akizungusha mkunjo wake wa kwanza, akiutia kinywani, akitafuna polepole, akitazama dari.

"Ikoje, Mzee Royce?"

"Safi, binti Hollis. Safi kabisa," alisema mzee, akanyoosha mkono kuchukua tango.

Kila aliyepita alisema hivyohivyo. Ilikuwa safi, ilikuwa kama zamani, asante Arlene. Naye alipokea maneno hayo, akaanza kumimina kwa mkono mwepesi, kwa kuwa lililokuwa limemkalia rohoni tangu Januari lilionekana kupita bila mtu kujua. Hapo ndipo alipoiona chupa ya Glenda.

Glenda huleta chupa nne kubwa za achari, na kila mwaka hurudi nyumbani na moja na nusu, akilalamika njia nzima kwamba watu wa kanisa hili hawajui kula. Mwaka huu chupa ya nne ilikuwa tupu na zamu ya kwanza ya walaji haijainuka. Glenda alimtuma mumewe nyumbani akaleta mbili nyingine. Arlene aliendelea kumimina huku jicho lake likiwa kwenye chupa hizo mbili. Aliona uma ukienda kwenye theluji mara moja na kwenye achari mara tatu. Aliona akina mama wakinywa maji ya siki yaliyobaki chini. Zile mbili nazo zikaisha. Na chungu cha shira, ambacho kwa miaka yote hukwanguliwa kwa vijiko, kilikuwa bado nusu.

Aliuweka upawa chini, akaenda jikoni. Glenda alikuwa huko, mikono ndani ya maji ya sabuni.

"Wifi, niambie."

"Nikwambie nini?"

"Achari yako imeisha."

"Imekuwa tamu mwaka huu. Nimebadilisha bizari."

"Hujabadilisha kitu tangu tulipokuwa wasichana. Niambie, Glenda. Mimi sisikii harufu. Tangu Januari, sisikii chochote."

Glenda aliitoa mikono majini, akaifuta kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Soksi," alisema.

"Soksi?"

"Inanuka soksi za Delmar. Na mimi nilizifua soksi za Delmar kabla hujamjua, kwa hiyo usinibishie."

Arlene alikaa kwenye kiti cha jikoni. "Imechipua."

"Imechipua kabisa, shosti. Imetoa na majani."

"Na watu wote hawa, wanasema safi. Kwa nini hakuna aliyesema?"

"Aseme nani? Amwambie Arlene Colby habari za shira? Bora umwambie mchungaji kwamba Jumapili imehama." Glenda alivuta kiti, akakaa naye, akashusha sauti. "Na kuna jingine. Unajua wanadhani ni wao? Nusu yao waliugua kama wewe. Kila mmoja ameketi pale anawaza kwamba kinywa chake ndicho kibovu. Yule Royce kaniuliza kwa siri kama ule ugonjwa hurudi kwa mtu wa umri wake."

Kutoka ukumbini zilisikika uma na sauti za watu wenye adabu. Arlene aliwaza kwamba angeweza kukaa pale jikoni mpaka wote waondoke, na hakuna ambaye angemwuliza neno maisha yake yote. Angebaki na heshima yake nzima, nao wangerudi majumbani wakiogopa vinywa vyao. Aliinuka, akauchukua upawa, akasimama mlangoni mwa ukumbi.

"Jamani, nisikilizeni kidogo."

Walimsikiliza, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kumsikia akiwaita.

"Januari niliugua. Tangu hapo pua yangu haifanyi kazi, na nilinyamaza kwa kiburi. Shira mnayokula imechipua. Nimeichemsha mwenyewe na nimeileta mwenyewe. Nyinyi vinywa vyenu ni vizima."

Kisha Mzee Royce akauweka uma wake mezani.

"Unasema kweli, binti Hollis?"

"Kweli, mzee wangu."

"Kwa hiyo mimi si mgonjwa."

"Si mgonjwa."

"Nusu saa nzima nimekaa hapa natunga wasia," alisema Royce.

Kicheko kilianzia kwenye meza yake, kikaenea dawati kwa dawati, kicheko cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Mama mmoja alikiri kwamba alikuwa akiutumbukiza mgao wake kwenye sahani ya mumewe. Mume akakiri kwamba yeye alikuwa akiutumbukiza chini ya meza kwa mbwa, na mbwa ameukataa. Mchungaji akatangaza kwamba maandazi bado yapo na kahawa inachemka. Royce akasukuma sahani yake mbele.

"Nimiminie nyingine."

"Mzee, nimekwambia imeharibika."

"Ndiyo maana. Sasa najua ni mbaya, naweza kuila kwa raha."

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mlima, lori likiyumba katika matope, chungu kati yao. Delmar aliendesha mpaka darajani.

"Ulijua," alisema Arlene.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kahawa. Mtu wa kahawa hamwagi makopo mawili." Akabadilisha gia. "Halafu vile vichupa vya ghalani."

"Na mvuke je?"

"Mvuke uligeuka Jumanne."

"Mimi nilikuuliza Jumatano, Delmar. Ukasema vizuri."

Alinyamaza tangu darajani mpaka kiwanda cha mbao, na si mwendo mfupi. "Ningesema si vizuri, ungejua kwamba najua," alisema hatimaye. "Na wewe hukutaka nijue."

Arlene alimtazama mtu yule, masikio yake makubwa na mikono yake juu ya usukani, aliyekaa miezi mitatu akiificha siri aliyofichwa. Alianza kucheka, na alicheka mpaka akashika chungu kisimwagike.

"Kanisa zima limekula soksi kwa sababu ya adabu yako."

"Yetu," alisema Delmar.

Alipotulia, aliuliza lile alilokuwa akiliogopa tangu majira ya baridi. "Mwakani atachemsha nani?"

"Wewe."

"Bila pua?"

"Pua ipo. Ni hii." Akaigusa kwa kidole gumba. "Tatizo lake haijui kusema."

"Itajifunza."

"Ina miaka sabini, mama."

"Itajifunza hivyohivyo."

Ndivyo ulivyoanza ule mwaka ambao Arlene, alipouhadithia baadaye, aliuhesabu kati ya miaka yake mizuri. Kila walipoketi mezani, Delmar alitakiwa amweleze anachokula. Mwanzoni alitoka jasho. "Kitunguu," alisema, akanyamaza. "Kitunguu cha namna gani?" "Cha... kukaanga." Mwezi wa Juni, juu ya bakuli la matunda mekundu ya shambani na maziwa baridi, alifikiri mpaka maziwa yakapata joto, akasema kwamba matunda yananukia kama barabara ya vumbi tone la kwanza la mvua linapoangukia, halafu mtu anapita na pipi. Julai, supu ya maharage ilikuwa "kama zizi asubuhi, ng'ombe wameshatoka."

"Hiyo sifa au lawama?"

"Sifa," alisema, akaona haya.

Glenda alipokuja kuwatembelea vuli ile na kumsikia kaka yake akieleza siagi kwa sentensi nne, aliweka kikombe chini. "Wifi, ukuta umeota mdomo. Nani atauziba sasa?"

Pua ya Arlene yenyewe ilirudi kwa uchoyo. Oktoba karafuu ilimgusa, hafifu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba. Kahawa iliporudi ilirudi na harufu ya tairi linaloungua, akahamia chai. Waridi na limau havikurudi. Lakini aliendelea kwenda kwenye vichupa vyake, sasa mezani kweupe, Delmar akimsubiri amalize ndipo amweleze mkate.

Machi ilipofika alikuwa tayari kadiri mtu kama yeye anavyoweza kuwa tayari. Kila asubuhi, mlango wa jiko ukiwa wazi na moto ukimwangaza uso, Arlene aliuliza kama baba yake alivyokuwa akiuliza, naye Delmar alijibu. Mvuke ulikuwa kama meza ya mbao iliyopigwa jua. Mvuke ulikuwa kama ndani ya kofia ya babu yake. Siku moja ulikuwa kama maziwa yaliyochemka karibu kumwagika, na kwa siku hiyo Arlene alipunguza moto.

Jambo moja bado lilimsumbua moyoni, wala hakulisema. Delmar hakuwa mtu wa kutupa. Alinyoosha misumari iliyopinda akaitumia tena. Alikula maganda ya mkate. Katika miaka yote, Arlene aliposema imetosha, yeye ndiye aliyelitazama tangi lililojaa kwa uso wa mtu anayeagana na ndugu. Sasa neno la mwisho lilikuwa lake, na mchemsho wa karamu ulikuwa umebakiza madebe mawili utimie.

Siku ya nne ya Aprili, hewa ikiwa tulivu na vuguvugu, Delmar aliingia na gogo, akasimama. Pua yake ilipanda kidogo, kama ya farasi. Alitoka nje, akavuta pumzi, akarudi, akasimama tena mahali palepale. Arlene aliushika upawa bila kuutumia.

"Mvuke unasemaje, mzee?"

"Bado ni mtamu," alisema polepole. "Lakini kuna kitu chini yake. Kwa mbali sana."

"Soksi?"

"Hapana. Soksi bado." Alifumba macho. "Kabichi."

Neno lile Arlene hakuwa amemwambia mtu tangu akiwa na miaka tisa. Lilikuwa lake na baba yake. Akaweka mkono juu ya ukingo wa tangi, ambao ulikuwa baridi na wenye unyevu. Lilikuwa limejaa.

"Una hakika? Ni kazi ya siku tatu hii."

Delmar alilitazama tangi, na uso wake ulikuwa uleule wa kila mwaka. "Nina hakika. Inaniuma, lakini nina hakika."

Alilirudisha gogo kwenye rundo, akaenda mwenyewe kufungua bomba la chini. Utomvu ulitoka mwangavu, ukapita chini ya mlango, ukachimba mfereji mwembamba katika theluji iliyobaki, ukashuka kuelekea kwenye miti ulikotoka. Walisimama wakiutazama mpaka ukaisha.

Kwenye karamu ya mwaka huo shira haikutosha zamu ya pili, na chungu kilikwanguliwa kwa vijiko mpaka kikang'aa. Mzee Royce, sasa wa miaka tisini na miwili, alilalamika kwamba ya mwaka uliopita ilikuwa nyingi. Watu walipokuwa wakikunja madawati, Glenda alipita na kikapu, amekunja uso.

"Chupa mbili," alisema. "Nzima, hazijaguswa. Nazibeba nyumbani kama mizigo ya bure. Watu wenu hawa hawajui kula."

"Pole, wifi," alisema Arlene.

Akaifungua moja papo hapo kikapuni, akachomoa tango, akauma. Bizari hakuisikia. Lakini siki na chumvi ulimi wake ulivijua bado, na uchachu ule ukamkaza mashavu, akafumba jicho moja. Akachukua jingine akampelekea Delmar, aliyekuwa amebeba masinia, ili amwambie linafanana na nini.